Picha za harusi upande wa wanawake: kuzihariri, kuzipanga na kuzihifadhi zisipotee wala zisivuje

Mwanzisha uzi, Unguja

Assalaam alaykum. Ninapiga picha za harusi upande wa wanawake, hapa Unguja na mara kwa mara Pemba, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika kazi hii. Nataka kueleza kwa urefu namna ninavyozishughulikia picha tangu zinapotoka katika kamera mpaka zinapofika mkononi mwa mwenyewe, kwa sababu mafunzo mengi tunayoyapata humfikiria mpiga picha mwenye hofu moja tu, nayo ni hofu ya picha kupotea. Sisi tuna hofu mbili. Mwanamke anayevua baibui na ushungi mbele ya kamera yangu usiku wa hina ameniamini kwamba picha ile haitapotea, na ameniamini vilevile kwamba haitaonekana na asiyehusika. Hofu ya kwanza inataka nakala ziwe nyingi, na ya pili inataka ziwe chache. Kila jambo nitakalolieleza hapa, hata la rangi na mwanga, limepangwa ili hofu hizo mbili zipate jibu kwa pamoja.

Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha. Kulikuwa na harusi Wete, nami nilipiga hina kwa kamera mbili za aina moja. Kamera nyingi hulipa faili jina la herufi nne na tarakimu nne, kuanzia 0001 hadi 9999, kisha hesabu hurudi mwanzo, na kwa hiyo kamera mbili zinaweza kutoa mafaili mawili yenye jina moja kabisa. Saa nane ya usiku nilinakili kadi ya kwanza katika folda, kisha nikanakili ya pili katika folda ile ile. Kompyuta ikaniuliza iwapo ibadilishe mafaili yaliyokuwamo, nami kwa usingizi nikakubali. Asubuhi nikaifuta kadi ya kwanza na kuitumia tena ukumbini. Jioni ndipo nilipotambua kwamba picha 214 za jamaa za upande wa mama hazipo.

Programu ya PhotoRec, ambayo ni ya bure na hutafuta mafaili yaliyofutwa, iliniokolea 61. Nyingine zilirudi nusu. Katika moja unaiona mikono ya bibi yake biharusi ikimfunga vikuba vya asumini kwenye nywele, vidole viwili vimekolea hina, uzi wa vikuba umebanwa baina ya meno. Kuanzia kidevuni kushuka chini, picha yote ni kijivu kitupu. Nilikwenda kwa mama wa biharusi nikamweleza ukweli, nikamrejeshea fedha. Hakunilaumu. Aliiomba picha ile ya nusu, nami nilimchapishia kama ilivyo.

Tangu siku hiyo hakuna faili linaloingia katika kompyuta yangu na jina lililopewa na kamera. Programu ya kuingizia picha hulibadilisha palepale, na jina jipya huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kisha herufi ya kamera, kisha namba: 2025-01-18_A_0001, na kwa kamera ya pili 2025-01-18_B_0001. Mwaka ukitangulia, folda hujipanga zenyewe kwa tarehe bila ya kuhangaika. Jina la biharusi siliandiki popote, si katika faili wala katika folda. Kila harusi ina namba yake, na namba hiyo inalingana na jina katika daftari la karatasi lililomo kabatini kwangu. Faili likitumwa kwa simu, jina lake huenda nalo, na wapokeaji husoma.

Saa za kamera zote mbili nazilinganisha kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu zikipishana hata kwa dakika nne tu, picha za biharusi kuingia ukumbini huchanganyika na za kukata keki. Jambo dogo la kwetu ni kwamba kamera haiijui saa ya Kiswahili: daftarini naandika saa mbili ya usiku, na faili linasema 20:00. Wasaidizi wangu wapya huwafahamisha hilo siku ya kwanza.

Mchangiaji, Chake Chake

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nashukuru kwa uzi huu. Mimi napiga harusi za upande wa wanaume, nikah msikitini na mapokezi, na nimezoea JPEG, yaani picha ambayo kamera imeshaibana iwe ndogo, kwa sababu kompyuta yangu ni ya zamani na kadi zangu ni ndogo. Je, faili ghafi (RAW), yaani picha kama kamera ilivyoipokea kabla ya kubanwa, lina faida gani ya kweli kwa mtu wa kazi kama yangu, au ni mazoea tu ya wenye vyombo vikubwa?

Mwanzisha uzi

Faida ipo, kaka, na kazi yako inaihitaji zaidi kuliko unavyodhani, kwa kuwa wewe unapiga kanzu nyeupe juani saa sita mchana na nyuso zilizo chini ya kivuli cha kofia. JPEG huhifadhi viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi kati ya zile tatu za msingi. Faili ghafi la biti 14 lina viwango 16,384. Tena viwango hivyo havigawanyiki sawasawa: nusu nzima, yaani 8,192, hutumika katika sehemu yenye mwanga mkali kabisa, nusu ya iliyobaki katika sehemu inayofuata, na kuendelea hivyo mpaka kwenye giza, ambako hubaki vichache. Ndiyo maana uso uliopigwa gizani ukiung'arisha baadaye unatoka na chembechembe na madoa ya rangi. Mimi hupiga kwa mwanga mwingi kadiri inavyowezekana bila ya kanzu kuungua, yaani kuwa nyeupe tupu isiyo na nyuzi, kisha huushusha nikiwa kwenye kompyuta. Ukifanya hivyo kwa JPEG, nyuzi za darizi za kanzu hazirudi tena, kwani kamera imeshazitupa.

Gharama ni nafasi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ghafi la takriban megabaiti 25 hadi 30, na harusi ya picha 1,400 hukaribia gigabaiti 40. Kompyuta ya zamani itachelewa, lakini haishindwi, ukianza kwa kuchagua kabla ya kuhariri.

Katika kuchagua, duru ya kwanza nafanya haraka na jicho moja tu, la kukataa. Natumia programu za kupanga na kuhariri picha. Katika Lightroom herufi X hukataa na P hukubali. Katika darktable herufi R hukataa, na tarakimu 1 hadi 5 hutoa nyota. Nakataa waliofumba macho, zilizotikisika, na picha yoyote ambamo mwanamke ameshikwa akiwa hajajitayarisha, mtandio umemteleza au anamnyonyesha mtoto. Picha ya namna hiyo siiachi ikasubiri uamuzi wa mwingine, hata ikiwa mwanga wake ni mzuri kiasi gani. Duru ya pili nafanya kesho yake, baada ya kulala, na kutoka 1,400 hubaki kiasi cha 300. Hizo ndizo zinazohaririwa.

Mchangiaji, Paje

Samahani kwa kuingilia. Napiga picha za wageni ufukweni na siwezi kulipia programu kila mwezi. Za bure zinatosha?

Mwanzisha uzi

Zinatosha. Nilianza na Lightroom, ambayo ipo tangu mwaka 2007, lakini sasa kazi yangu karibu yote naifanya kwa darktable, ambayo ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2009. Kwa kazi ya matabaka, kwa mfano kuondoa waya wa taa uliopita juu ya kichwa cha biharusi, natumia GIMP, nayo ni ya bure tangu mwaka 1996. Photoshop ni chombo kikubwa, na anayeweza kukilipia asikiache. Lakini utaratibu mbovu katika Photoshop ni mbovu vilevile, na utaratibu mzuri hauhitaji leseni.

Kilicho muhimu ni kuelewa kwamba darktable na Lightroom hazigusi faili lako la asili. Ukiongeza mwanga au ukikata pembeni, programu huandika maagizo tu katika faili dogo la pembeni lenye mkia wa XMP, au katika katalogi yake, na picha unayoiona kwenye skrini ni ile ya asili iliyopitishwa katika maagizo hayo. Kwa hiyo unaweza kurudi mwanzo hata baada ya miaka mitano. Kwa hiyo pia, anayehifadhi picha bila ya katalogi na mafaili yale madogo amehifadhi mali na kuiacha kazi. Na ukishaingiza picha, usizihamishe kwa mkono kutoka folda moja kwenda nyingine nje ya programu, kwani katalogi itazitafuta pale ilipoziacha na kukwambia hazipo.

Kwa wewe wa ufukweni naongeza jambo moja: andika maneno ya utafutaji, yaani mahali, kitu na tukio, siku ile ile unapoingiza picha. Sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, watu wengi walitafuta picha za jengo lile lilivyokuwa, na mimi nilizipata zangu zote kwa dakika moja kwa sababu jina la jengo lilikuwa limo ndani ya kila faili. Rafiki yangu, ambaye alilipiga mara nyingi kuliko mimi, alipekua diski tatu kwa siku mbili.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Dada, nieleze kuhusu rangi. Kumbi za siku hizi zina taa za zambarau na buluu, nguo ya biharusi nyekundu inageuka doa moja lisilo na mkunjo, na piko mkononi haionekani. Nimejaribu kila kitufe.

Mwanzisha uzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Tuanze na nguo nyekundu. Grafu ya mwanga inayoonekana nyuma ya kamera mara nyingi ni ya jumla, na inaweza kuonyesha kwamba mambo ni salama huku rangi nyekundu peke yake imeshafika ukutani, yaani kikomo cha kulia cha grafu. Badilisha mpangilio wa kamera ikuonyeshe grafu tatu, moja kwa kila rangi, nawe utaiona nyekundu imejibana upande wa kulia wakati kijani na buluu zimetulia katikati. Rangi ikishafika ukutani, mikunjo ya nguo, nyuzi za dhahabu na kivuli cha mkono vyote huwa na thamani moja, na hilo ndilo doa unaloliona. Punguza mwanga wakati wa kupiga. Nyumbani, rekebisha kwanza uwiano wa nyeupe, ili kilicho cheupe kionekane cheupe, kisha mwanga, kisha punguza kidogo ukolezi wa nyekundu peke yake, na ndipo uongeze tofauti ya giza na mwanga. Wengi hufuata mpangilio wa kinyume: huongeza tofauti kwanza kwa kuwa picha huonekana imechangamka, na nyekundu huungua palepale.

Kwa piko na hina, chora maski, yaani eneo litakaloguswa peke yake, juu ya mikono, kisha inua sehemu za kati za mwanga katika mchirizo wa toni (mstari wa kupandisha na kushusha mwanga) bila ya kugusa sehemu nyeusi kabisa. Piko ibaki nyeusi na ngozi iliyoizunguka ipate nafasi ya kupumua. Usiongeze ukali wa picha nzima kwa ajili ya mikono, kwa sababu ukali huo utamfikia mama mtu aliyekaa nyuma na kumzidishia umri.

Kuhusu taa za zambarau nitasema wazi: hakuna kitufe. Taa hizo hutoa mawimbi machache tu ya mwanga, na rangi ambayo haikuwamo ukumbini haiwezi kuzaliwa kwenye kompyuta. Ama uombe taa zizimwe kwa dakika kumi za picha za familia, ombi ambalo wenye ukumbi hulikubali mara nyingi kuliko tunavyodhani, ama utumie flashi iliyoelekezwa kwenye dari nyeupe, ama picha hiyo uifanye nyeusi na nyeupe. Nina picha nzuri sana za nyeusi na nyeupe ambazo asili yake ni ukumbi wa zambarau.

Mwisho katika rangi ni wakati wa kutoa picha. Kamera nyingi zinaweza kuwekwa katika Adobe RGB, mfumo wa mwaka 1998 wenye rangi pana, lakini simu na programu nyingi husoma kwa uhakika sRGB ya mwaka 1996. Ukimpelekea mteja picha ya Adobe RGB, anaweza kuiona imefifia, akadhani hukufanya kazi. Toa sRGB kwa ajili ya skrini. Kwa kuchapisha, hesabu pikseli 300 kwa inchi; ukurasa wa A4 unahitaji pikseli 2480 kwa 3508.

Mchangiaji, Chake Chake

Wateja wangu wanataka nyuso zing'arishwe, na dada zao wanaotaka picha kwako bila ya shaka wanakwambia hivyo hivyo.

Mwanzisha uzi

Wananiambia, nami nakataa kwa upole. Chunusi iliyotoka wiki ya harusi naiondoa, kwani haitakuwapo wiki ijayo. Kovu, alama ya kuzaliwa na rangi ya ngozi siviondoi. Humwonyesha mwenyewe picha mbili katika skrini, ya kwanza ngozi yake ilivyo na mwanga umerekebishwa vizuri, ya pili imepaushwa kama anavyotaka, na namwomba aangalie mikono yake katika ile ya pili, kwa sababu hina ya rangi ya kahawia iliyoiva huwa na rangi ya chungwa bivu ikipaushwa. Karibu wote huchagua ya kwanza. Biharusi hung'aa kwa mwanga uliopimwa sawasawa usoni, na hiyo ndiyo kazi tuliyolipwa.

Mchangiaji, Wete

Umesema hofu mbili. Ya kupotea nimeielewa. Ya kuvuja unaizuia vipi, na wakati huohuo uwe na nakala nyingi?

Mwanzisha uzi

Kanuni inayojulikana, ambayo mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza, inataka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Mimi nimeongeza sharti moja: kila nakala iwe imefungwa kwa nenosiri, na mahali pake pawe pameandikwa katika daftari. Nakala isiyo daftarini haitakiwi kuwapo.

Ya kwanza imo katika kompyuta ninayofanyia kazi. Ya pili imo katika diski ya nje iliyomo kabatini, pamoja na vifurushi vya kunyonya unyevu, maana hewa yetu ya bahari huzila lenzi na vyombo kwa pamoja. Ya tatu iko kwa dada yangu Pemba. Kila baada ya miezi miwili diski moja huvuka na nyingine hurudi. Zote tatu zimefungwa kwa VeraCrypt, programu ya bure ya kufunga diski kwa nenosiri. Diski ikisahaulika ndani ya boti au ikiibiwa bandarini Malindi, aliyeiokota atakuwa na chuma tu. Kompyuta nayo nimeiwekea betri ya akiba, kwani umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, katalogi inaweza kuharibika. Tuliokuwapo mwaka 2008, Unguja ilipokaa karibu mwezi mzima bila ya umeme baada ya kebo kuharibika, hatuuchukulii umeme kama jambo la hakika.

Picha za wateja haziingii katika simu yangu hata kidogo. Simu nyingi hupeleka picha mtandaoni zenyewe bila ya kukuuliza tena, na nyingine hupanga nyuso za watu kwa makundi. Mteja akitaka kuonjeshwa, namtumia picha za mikono, maua, viatu na vikuba. Zilizobaki namkabidhi mwenyewe kwa mkono, katika diski ndogo, naye hutia saini.

Kompyuta ikiharibika, siipeleki kwa fundi na diski yake ndani. Niliwahi kuingia katika duka moja la matengenezo nikamkuta kijana anapitisha picha za harusi za mtu mwingine, moja baada ya moja, huku wateja wanasubiri kwenye benchi. Nilimwomba afunge, akafunga. Sikuwa nawafahamu waliokuwa katika picha zile, lakini nilitoka na kompyuta yangu mkononi.

Mchangiaji, Wete

Na nenosiri, dada? Mungu akuweke, lakini ukitangulia, picha za watu zitakuwa zimezikwa nawe.

Mwanzisha uzi

Amin. Nenosiri limeandikwa kwa mkono, limo katika bahasha iliyofungwa kwa dada yangu, si mahali pamoja na diski, na katika wasia wangu kuna mistari miwili: nani aitwe kuchukua picha zake, na kwamba ambazo hazikuchukuliwa baada ya mwaka zifutwe zote. Wateja ninaowapa mkataba nawauliza hilo hilo wakati nikiwa hai. Baada ya mwaka mmoja, mwenye harusi huchagua nihifadhi au nifute, na wapo wengi wanaochagua nifute.

Kufuta nako kuna njia yake. Kadi ikifutwa ndani ya kamera, kinachoondoka kwa kawaida ni orodha ya mafaili tu, na picha zenyewe hubaki mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Hilo ndilo lililoniwezesha kupata zile 61 za Wete. Hilo pia ndilo linalomwezesha mtu aliyenunua kadi yako iliyotumika kuzitoa harusi ulizopiga mwaka jana, kwa programu ile ile ya bure. Kwa hiyo siuzi kadi wala kumpa mtu. Diski ya kuzunguka naweza kuiandika upya yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Diski za kisasa zisizozunguka na kadi hazina uhakika huo, kwa sababu zenyewe huhamisha data kutoka mahali pamoja kwenda pengine ili zisichakae. Kwa diski hizo, kinga ni kuzifunga kwa nenosiri kabla ya kuweka picha ya kwanza. Kadi haiwezi kufungwa hivyo, basi ikichakaa naivunja kwa nyundo juu ya jiwe la uani, na ile namba yake naikata daftarini.